Beryl Winifred Gooderham (1946–2024): Mwalimu wa Udereva na Chungu cha Warumi

Marehemu Beryl Winifred alizaliwa mjini Lowestoft tarehe 9 Machi 1946, asubuhi ya theluji iliyofika magotini. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu wa marehemu Leonard Utting, fundi wa reli, na marehemu Ivy, aliyefanya kazi katika kiwanda cha samaki. Mkunga alikwama njiani na baiskeli yake, na Beryl hakuona sababu ya kumngoja. Bibi Ivy alikuwa akisema mtoto huyu alitoka tumboni bila breki. Sote tuliomjua tunaweza kulithibitisha hilo.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao, kisha sekondari ya wasichana, akaacha masomo mwaka 1961 kama walivyofanya wengi wa rika lake. Hesabu aliziweza na mbio alizipenda, ila historia ilimpiga chenga. Siku ya wazazi mwalimu wake alimwambia Bibi Ivy, "Mama, habari za watu waliokufa hazimwingii kabisa huyu bintiyo."

"Za walio hai zinamwingia kupita kiasi, mwalimu," Bibi Ivy akamjibu. "Mtaa mzima anaujua."

Alianza kazi katika ofisi ya simu, akiunganisha watu na kuyameza yote aliyoyasikia. Mwaka 1974 alifungua shule yake ya udereva katika mji wetu wa Harlesby, akiwa na gari moja dogo jekundu na moyo usiojua kushtuka. Alifundisha hadi alipostaafu mwaka 2005. Mkitazamana humu kanisani mtaona kwamba karibu nusu yenu mlipita mikononi mwake. Kasisi Thurlow, anayetuongoza leo, ni mmojawapo, naye ameturuhusu kusema kwamba alishindwa mtihani mara nyingi kuliko mwanafunzi mwingine yeyote, na kwamba mara ya mwisho ya kushindwa aliingia kwenye dirisha la duka la maua. Beryl, aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma, hakumkaripia. Aliteremka, akanunua shada moja kupitia tundu lile lile la dirisha, akarudi garini akasema, "Haya, baba. Rudi nyuma taratibu. Tazama kioo kwanza, maana nyuma yako pana watu wanaotaka kufika kwao."

Mwaka 1968 alifunga ndoa na Ronald Cattermole, mwenye bucha, mtu mpole wa maneno machache. Ron hakuwa na ulimi wa kuposa. Kwa majuma kadhaa alimwongezea Beryl soseji juu ya zile alizonunua, mpaka Beryl akamwambia, "Ron, ama unanipenda ama unaninenepesha uniuze. Sema moja." Mungu hakuwajalia watoto, lakini nyumba yao haikukosa watoto wa ndugu, na sisi wapwa tulikula soseji hizo likizo zote. Ron aliondoka ghafla kwa ugonjwa wa moyo, Mei 1995.

Jumapili ndizo zilizomshinda Beryl baada ya hapo. Siku za kazi alikuwa na wanafunzi wa kumtia roho juu, lakini Jumapili nyumba ilinyamaza. Mdogo wake, Stanley, alimletea mashine ya kutambua vyuma ardhini, ile fimbo ndefu yenye sahani chini na waya wa kuweka masikioni, akamwambia, "Dada, toka nje upigwe na upepo. Hata usipopata kitu, utapata mafua, angalau uwe na la kulalamikia."

Ndivyo alivyojiunga na chama cha watafuta vyuma cha Harlesby, watu wanaotembea mashambani baada ya mavuno, wameinamisha vichwa kama kuku. Mwaka wa kwanza alipata vifuniko vya bia, vifungo vya makoti, nati za trekta na nusu ya kijiko. Alivipanga vyote dirishani jikoni kwa fahari. Rafiki yake wa chamani, Des Garrod, fundi bomba mstaafu, alimtania, "Beryl, ukiendelea hivi utaunda trekta zima."

"Na nikiliunda, Des, wewe hupandi."

Kuna kanuni moja ambayo Beryl aliishika kuliko zote: huingii shamba la mtu bila ruhusa yake. Shamba alilolitamani lilikuwa la Aubrey Gooderham wa kijiji cha Brundleham, lile la juu, linaloteremka mpaka kijitoni. Walimaji wa zamani waliwahi kuokota vigae vyekundu vya Kirumi pale. Shida ilikuwa Aubrey mwenyewe. Miaka ya nyuma wezi waliingia usiku na mashine zao, wakachimba na kuacha mashimo wazi, na kondoo wake mzuri akavunjika mguu. Tangu siku hiyo, kwa Aubrey, mwenye mashine na mwenye nyundo ya kuvunjia mlango walikuwa mtu mmoja.

Kila vuli, shayiri ikishavunwa, Beryl alikwenda langoni kwake kuomba. Kila vuli Aubrey alimjibu kutoka ndani ya uzio, akiwa na mabata bukini wake wakali nyuma yake.

"Bwana Gooderham, habari za mavuno?"

"Nzuri. Hapana."

"Sijauliza bado."

"Nimekujibu mapema, usichelewe nyumbani."

Beryl alicheka, akamwachia keki ya tangawizi juu ya nguzo ya lango, akaenda zake. Aubrey aliapa kwamba keki zile aliwapa bata. Baadaye sana alikiri kwamba bata hawakupata hata makombo.

Mke wa Aubrey, Elspeth, alifariki mwaka 2001. Ndipo kijiji kilipogundua jambo ambalo hakuna aliyelijua: Aubrey Gooderham, mwenye matrekta mawili na umri wa miaka sitini na tatu, hakuwa na leseni ya gari. Elspeth ndiye aliyeendesha maisha yao yote ya ndoa. Sasa mzee alikuwa mfungwa katika shamba lake mwenyewe, akingojea jirani wa kumpeleka kununua mkate. Binti yake wa pekee, Philippa, alikuwa na kazi yake Norwich, na Aubrey hakuwa mtu wa kuomba. Alivumilia karibu miaka miwili. Kisha siku moja ya masika, Beryl alifungua mlango wa nyumba yake akamkuta amesimama barazani, kofia mkononi, amevaa suti ya mazishi.

"Bi Cattermole," akasema, "nasikia unafundisha."

"Nafundisha."

"Hata wakorofi?"

"Hao ndio wateja wangu, Bwana Gooderham. Ingia."

Masomo yale yanasimuliwa mpaka leo. Aubrey aliendesha gari kama trekta: katikati ya barabara, polepole, na bila kumwogopa mtu. Beryl alimwambia, "Gari hili lina breki, bwana."

"Naijua breki. Trekta likichoka husimama lenyewe."

"Sasa yule bibi mwenye kikapu hajui kama umechoka. Kanyaga!"

Kwenye kipilefti kikubwa cha Harlesby alizunguka na kuzunguka bila kutoka. "Nitatokaje, wala hawanipishi!" akafoka. Beryl alifungua mkoba, akatoa peremende, akampa moja. "Zunguka tena basi. Ukiwaona sana utawazoea." Waliokuwepo siku hiyo wanasema wale wawili walikuwa wakicheka ndani ya gari mpaka vioo vikaingia ukungu.

Wakati wote huo Beryl hakutaja shamba. Ilikuwa rahisi kutaja. Des alimwambia, "Mwombe sasa, yuko mkononi mwako!" Beryl akakataa. Alisema mtu aliyebanwa hatoi ruhusa, anatoa fidia. Aubrey alifaulu mtihani kwa jaribio la pili, Machi 2004. Vuli iliyofuata, Beryl alipofika langoni na keki yake, alikuta lango liko wazi na mabata wamefungiwa bandani. Aubrey alikuwa juu ya trekta, akitazama pembeni.

"La juu nimeshavuna," akasema. "Funga lango ukitoka."

Hapakuwa na karatasi wala saini. Kwa wawili wale neno lilitosha, ingawa baadaye lilikaribia kumgharimu Beryl jina lake.

Tarehe 14 Oktoba 2006, Jumamosi, Beryl na Des walikuwa wakitembea shamba la juu kando ya uzio wa miti. Saa nne asubuhi mashine ya Beryl ililia. Si mlio wa msumari, unaokwaruza sikio. Huu ulikuwa laini, kama kijiko kikigonga kikombe. Alipiga magoti, akakata udongo kwa koleo dogo, akatoa kitu chembamba cha mviringo. Alidhani ni kipande cha kifuniko cha maziwa. Alikisugua kwa kidole, na uso wa mtu ukamtazama: mfalme wa Kirumi mwenye taji la lulu na pua ndefu. Ilikuwa sarafu ya fedha, safi kana kwamba imetoka kupewa mtu chenji. Kando yake palikuwa na nyingine, halafu nyingine tatu zimeshikamana, na chini yake ukingo wa chungu cha kijivu.

Des alikuja mbio, akaanguka, akainuka. "Chimba, Beryl! Chimba, mama wee, mvua hiyo inakuja!"

Beryl alikuwa amekaa juu ya visigino vyake. Miaka kumi na moja ya vifuniko vya bia, na sasa hiki. Kila mtafuta vyuma huota saa ile, na kila mmoja anajua kinachotakiwa, nacho ni kuuondoa mkono. Chungu kikitolewa kwa pupa, wataalamu hawatajua kamwe kilikaaje, kilifungwa na nini, wala kilizikwa vipi.

"Hapana," akasema. "Nitafunika. Halafu nakwenda kumwambia Aubrey."

"Umwambie baada ya kutoa!"

"Des, hiki kimekaa humu miaka elfu moja na mia sita. Kinaweza kungoja chai."

Akarudisha udongo, akaweka zile sarafu tano ndani ya kisanduku chake cha sandwichi, akateremka mlima kwa miguu kwenda kumwita mwenye shamba. Aubrey alizitazama sarafu zile juu ya meza ya jikoni kwa muda mrefu. Hakuuliza zina thamani gani. Aliuliza, "Aliyezika hakurudi?"

"Hakurudi," Beryl akasema. "Lakini alikusudia." Akalia kidogo, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Alituambia baadaye kwamba saa ile ndipo historia ilipomwingia: kulikuwa na mtu, pengine mama mwenye nyumba, aliyesikia kwamba askari wanaondoka na hakuna wa kuwalinda tena, akachukua alichokuwa nacho, akakipeleka kando ya uzio, akahesabu hatua ili akumbuke.

Mtaalamu wa mambo ya kale wa jimbo, Imogen Sayle, aliwaambia kwenye simu kwamba angefika Jumatatu na wenzake, na kwamba wasimwambie mtu. Beryl hakumwambia mtu. Aubrey hakumwambia mtu. Des alikwenda baa kula chakula cha mchana, na kufikia saa kumi Brundleham nzima ilijua. Des yuko hapa leo, amekaa safu ya tatu, na anaomba tuseme kwamba alimwambia mtu mmoja tu. Kweli, ila mtu huyo alikuwa mwenye baa.

Aubrey alipoyasikia hakugomba. Alikwenda akatandika mbao na turubai juu ya mahali pale, akafunga tela nyuma ya trekta, akalijaza samadi mbichi ya nguruwe, akaimwaga yote juu ya hazina ya dola ya Rumi. Kisha akaosha mikono akala chakula chake. Jumatatu asubuhi kulionekana nyayo za watu wasiojulikana zilizofika hadi pembeni mwa lundo, zikasimama, zikageuka.

Imogen alifika na vijibrashi na vijiko vyake vyembamba, akalitazama lundo, akavaa buti ndefu. "Nimefukua vyoo vya Warumi vingi," akasema, "lakini hii ni mara ya kwanza kukuta cha juzi."

Walifanya kazi siku nzima. Chungu kilitoka kizima, kimefungwa mdomo kwa jiwe bapa. Ndani mlikuwa na sarafu za fedha mamia kwa mamia, vijiko sita vya fedha, na bangili moja ya dhahabu, ndogo, ya mkono wa mwanamke au msichana. Imogen alipoifuta udongo alimpa Beryl aishike. Aubrey alisimama kando na kofia yake kifuani, kama yuko kanisani. Beryl aliishika kwa viganja viwili, akairudisha bila kuijaribu mkononi, ingawa sote tungalijaribu.

Hazina ikapelekwa London kusafishwa na kuchunguzwa. Na hapa tunafika kwenye sehemu ambayo tulitaka kuiruka, lakini Philippa ametukataza. Alisema, "Isomeni, la sivyo Beryl atafufuka aisimulie mwenyewe, na ataiongeza chumvi."

Krismasi ile Aubrey alimwalika Beryl kwa chakula cha mchana. Philippa alikuja kutoka Norwich. Mama yake alikuwa na miaka mitano tu kaburini, na pale kwenye kiti cha mama yake alimkuta mjane wa mwenye bucha anakata bata mzinga na kumchekesha baba yake. Alivumilia mpaka pudini ilipofika mezani.

"Baba," akasema, "huyu mama amekuja kwako na mashine ya kutafuta dhahabu. Na wewe unadhani anatafuta sarafu tu?"

Beryl alisimama, akavaa koti lake. "Hii mashine haitambui mashamba, binti," akasema taratibu. "Chuma tu." Akamshukuru Aubrey kwa chakula, akaondoka. Hakurudi Brundleham majira yale ya baridi, wala kiangazi kilichofuata, wala vuli. Hata shayiri ilipovunwa hakuja kuomba. Aubrey, mkaidi wa ukoo wa wakaidi, hakwenda kumfuata. Alipita mara nyingi na gari mbele ya nyumba yake, sheria zote za barabarani akizifuata barabara, lakini kusimama kulimshinda.

Kwa sheria zetu, hakimu anayechunguza vifo vya ghafla ndiye pia anayeamua kama kitu kilichofukuliwa ni hazina. Kikao kiliwekwa tarehe 17 Aprili 2008. Beryl alikaa upande mmoja wa ukumbi na Des. Aubrey alikaa upande wa pili, Philippa nyuma yake. Siku hiyo ndipo Beryl na Aubrey walipoonana kwa mara ya kwanza tangu Krismasi ile.

Imogen alitoa ushahidi wake vizuri. Kisha hakimu, mwanamke mwenye miwani na sauti ya uchovu, akauliza kama mgunduzi alikuwa na ruhusa ya kuwa shambani. Akauliza pia kama ilikuwa ya maandishi. Beryl akajibu kweli, kwamba haikuwa. Asiye na ruhusa huhesabiwa mvamizi. Hupoteza haki yake ya kulipwa, na kibaya zaidi kwa Beryl, angewekwa kundi moja na wale wavunja mguu wa kondoo. Asubuhi ile Philippa alikuwa amemwambia baba yake aseme tu kwamba hakuna karatasi, basi. Wala isingekuwa uongo.

Hakimu akamgeukia. "Bwana Gooderham, je, Bi Cattermole alikuwa na ruhusa yako?"

Aubrey alisimama. Aliizungusha kofia yake mkononi. "Anayo," akasema. "Nilimpa kwa mdomo wangu, mwaka 2004. Anayo ya shamba la juu. Anayo ya shamba la chini. Ya nyumba pia anayo, na ya jikoni, na ya kile kiti, kama bado anataka kukikalia."

Beryl akawa mwekundu mpaka masikioni. "Aubrey! Hapa ni mahakamani!"

"Najua. Ndiyo maana. Nimeapa kusema kweli yote."

Hakimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Bi Cattermole," akasema, na uchovu ulikuwa umemtoka, "uamuzi wangu ni kwamba vitu hivi ni hazina, na kwamba ruhusa ilikuwepo. Hilo la kiti halimo katika mamlaka yangu. Hulazimiki kulijibu."

"Nitalijibu nje," Beryl akasema. "Akiegesha gari lake vizuri."

Walifunga ndoa katika kanisa hili hili tarehe 6 Septemba 2008. Kabla ya harusi Beryl alifanya mambo mawili ambayo hakumtangazia mtu. La kwanza, alikwenda kwa wakili akaweka saini kwamba shamba la Gooderham halitamhusu kamwe na ni la Philippa. La pili, makumbusho ya Harlesby yalikuwa hayana uwezo wa kuilipia hazina ile, na ilikaribia kugawanywa na kuuzwa kipande kipande. Beryl akasamehe haki yake yote, yaani nusu ya malipo ambayo sheria humpa mgunduzi, nusu nyingine ikiwa ya mwenye shamba, ili chungu na vilivyomo visitenganishwe. Aubrey alichukua nusu yake, akaezeka ghala. Wakaishi.

Philippa aliyajua hayo kutoka kwa wakili, si kutoka kwa Beryl. Siku moja ya Novemba alikuja bila taarifa, akamkuta Beryl amesimama jikoni anakanda unga. Hakujua aanzie wapi. Akasema, "Kiti cha mama kina mguu mmoja mbovu. Ulikuwa ukijua?"

"Najua. Huegemea kushoto."

"Mama aliegemea kushoto."

"Basi keti unifundishe," Beryl akasema. Wakakaa, na hawakuwahi kuachana tena.

Miaka kumi na moja ya ndoa ile ilikuwa ya furaha. Waliendesha gari hadi Scotland, Aubrey usukani, Beryl akimnong'oneza gia. Beryl alizungumza mashuleni kuhusu chungu, na kila mara watoto walitaka zaidi habari ya samadi. Aubrey alifariki tarehe 3 Novemba 2019, na Beryl akabaki shambani, kwa sababu Philippa alikataa kusikia neno lingine. Philippa mwenyewe alirudi Brundleham kuliendesha shamba.

Moyo wa Beryl ulianza kuchoka mwaka 2021. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na daktari akamkataza kutembea kwenye matuta. Alitii kwa namna yake. Philippa alimpeleka kwa trekta mpaka ukingoni mwa shamba, akamketisha kwenye kiti cha kukunja na blanketi, kisha yeye akaishika mashine huku Beryl akimwelekeza kwa sauti iliyofika barabarani.

"Chini, Pippa! Chini zaidi! Unatafuta vyuma au unafukuza nzi?"

"Nimechoka, Beryl!"

"Umechoka nini, mie ndiye ninayepiga kelele!"

Septemba 2022 Philippa alipata kipini cha shaba cha kufungia nguo, cha Kirumi, kimevunjika ncha. Kitu kidogo, kisicho na bei. Alipiga ukelele na kukimbia nacho shamba zima, mwanamke wa miaka hamsini na mitano na matope hadi kiunoni, na Beryl akasimama kutoka kitini, jambo lililokuwa limekatazwa, akampokea kwa mikono miwili. Des anasema hakumwona Beryl na furaha kama ile hata siku ya chungu.

Katika wiki zake za mwisho alilala kwenye chumba cha chini, kinachotazama shamba la juu. Hakuwa na maumivu mengi, na tunawashukuru wauguzi waliokuja nyumbani kila siku. Kasisi Thurlow alipomletea Ekaristi, Beryl alimuuliza kama amekuja kwa gari, na ameegesha wapi, na kama ameacha nafasi ya watu kupita. Asubuhi ya Jumapili tarehe 21 Januari 2024, baada ya kikombe cha chai ambacho alisema kimekolea vizuri, Beryl Winifred alifariki dunia usingizini, mkono wake ukiwa mkononi mwa Philippa. Alikuwa na umri wa miaka sabini na saba.

Ametanguliwa na wazazi wake, Leonard na Ivy. Kaka yake, Maurice. Na waume zake wawili, Ronald na Aubrey, watu wema ambao hawakuwahi kukutana na ambao, tunaamini, sasa wana mengi ya kulinganisha. Ameacha mdogo wake, Stanley, na mkewe, Maud. Wapwa wake Lorna, Keith na Rosalind. Rafiki yake Desmond Garrod. Wanachama wa chama cha watafuta vyuma cha Harlesby. Na madereva wasiohesabika wa jimbo la Suffolk, ambao wakati wa kutoka leo wanaombwa kupishana kwa adabu.

Ameacha pia mtoto mmoja. Tulipoandaa wasifu huu tuliandika "binti wa kambo, Philippa." Philippa alisoma rasimu jikoni, amekaa ameegemea kushoto, akaomba kalamu, akafuta maneno mawili.

Ameacha binti, Philippa.

Udongo wa Brundleham umpokee kwa upole, na Mungu ampumzishe Beryl kwa amani yake isiyo na mwisho.